Dola 5,500 kwa Wakili wa Medicaid: Tathmini ya Huduma Tuliyoipata Texas

Tathmini hii inahusu ofisi ndogo ya mawakili wa sheria za wazee katika jimbo la Texas, ambayo familia yetu iliilipa mwaka 2025 ili itusaidie kumwombea Baba Medicaid, mpango wa serikali wa kuwalipia matibabu watu wasio na uwezo, igharamie kituo cha matunzo bila kumwacha Mama mikono mitupu. Ofisi yenyewe siitaji jina, kwa kuwa nina malalamiko dhidi yake ambayo haikupata nafasi ya kuyajibu hapa. Hukumu yangu naitoa mapema: kazi ya kisheria ilikuwa nzuri sana, mpangilio wa bei haukuwa wa haki, na sehemu kubwa ya thamani tuliyoipata ilitokana na mambo ambayo wakili alitukataza kuyafanya.

Wengi huingia katika jambo hili wakiamini kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, italipa kila kitu. Medicare hugharamia muda wa kupata nafuu tu: mgonjwa akishalazwa hospitalini kwa siku zisizopungua 3, bima hiyo hulipia kituo cha uuguzi kwa siku zisizozidi 100 katika kipindi kimoja cha ugonjwa, siku 20 za kwanza zikiwa bila mchango wa mgonjwa, na kuanzia siku ya 21 akichangia kiasi ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 209.50 kwa siku. Baba alipatwa na kiharusi kilichomnyima uwezo wa kutembea na kujilisha, na ilikuwa wazi kwamba mahitaji yake hayangekwisha pamoja na siku hizo. Kituo chake kilitoza zaidi ya dola 6,000 kwa mwezi. Anayeweza kulipia matunzo ya aina hiyo kwa muda mrefu, mbali na familia yenyewe au bima maalumu ambayo watu wachache wanayo, ni Medicaid, mpango ambao serikali ya shirikisho na majimbo huugharamia kwa pamoja tangu sheria yake ilipotiwa saini mwaka 1965. Mpango huo humtaka mwombaji awe na hali duni kwa vipimo vyake wenyewe. Kwa mwombaji mmoja wa Texas, mali inayohesabika haipaswi kuzidi dola 2,000, na kipato chake cha mwezi, kwa mwaka 2025, hakipaswi kuzidi dola 2,901.

Wazazi wetu walikuwa na akiba ya dola 118,000 benki, nyumba waliyomaliza kuilipia, gari moja, na malipo ya Social Security, yaani pensheni ya serikali: Baba dola 1,850 kwa mwezi, Mama dola 1,100. Hiyo ni mali ya watu waliofanya kazi za zamu za usiku maisha yao yote, na kwa bei ya kituo ingekwisha kabla ya miaka miwili.

Kabla ya kufika kwa wakili, tulikwisha kukaa kwenye mkutano wa bure hotelini, wenye chakula cha jioni, ulioandaliwa na muuzaji wa bidhaa za bima. Namtaja kwa sababu bila yeye msomaji hawezi kupima alichokifanya wakili. Alitushauri tuhamishe akiba yote kwenye amana isiyoweza kubatilishwa, yaani mfuko wa kisheria unaosimamiwa na mtu mwingine na ambao mtoaji hawezi kuurudisha, na kile kitakachobaki tununue anuiti, yaani mkataba ambao mtu hutoa fedha kwa mkupuo na kulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Alizungumza kwa ufasaha, vielelezo vyake vilipendeza, na kila mtu alirudi nyumbani na folda yenye nembo. Jambo ambalo hakulitaja, au alilipitia haraka hata hakuna aliyelinasa, ni kwamba ukiingiza fedha kwenye amana ya namna hiyo sheria inakuhesabu kuwa umezitoa bure, na kwamba Medicaid hukagua miezi 60 iliyotangulia maombi. Kipindi hicho zamani kilikuwa miezi 36. Bunge la Marekani lilikirefusha kwa sheria iliyotiwa saini Februari 2006. Sheria hiyohiyo ilibadilisha pia mwanzo wa adhabu, na badiliko hili ndilo lenye makali zaidi. Kiasi kilichotolewa hugawanywa kwa wastani wa gharama ya kituo katika jimbo ili kupata muda ambao Medicaid haitalipa, na muda huo hauanzi kuhesabiwa siku fedha zilipotolewa, bali pale mwombaji anapokuwa tayari yumo kwenye matunzo, ameishiwa, na angestahili kulipiwa kama si adhabu hiyo. Kwa maneno mengine, adhabu huanza wakati ambapo mtu hana tena cha kujilipia. Amana hizo zinaweza kumfaa mtu mwenye afya anayejipanga miaka mingi mapema. Kumuuzia mgonjwa ambaye tayari yuko kitandani ni kumtosa.

Wakili alianza kwa kuchukua kikokotoo. Alitueleza kwamba tangu mwaka 1988 sheria ya shirikisho inamlinda mwenzi anayebaki nyumbani asifilisike kwa sababu ya ugonjwa wa mwenzake, na kwamba ulinzi huo una sehemu mbili, moja ya akiba na nyingine ya kipato. Katika sehemu ya akiba, mali inayohesabika ya wote wawili hujumlishwa, na mwenzi aliyebaki hupewa nusu, ambayo kwa mwaka 2025 haikupaswa kupungua dola 31,584 wala kuzidi dola 157,920. Kwa hesabu hiyo ya kwanza Mama angebaki na dola 59,000, Baba dola 2,000, na dola 57,000 zingetakiwa zitumike kabla ya msaada kuanza. Waombaji wengi wasio na mshauri huishia hapo, wakaanza kulipa kituo hadi fedha ziishe.

Katika sehemu ya kipato, Texas humruhusu mwenzi aliyebaki nyumbani kufikia kiwango ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 3,948 kwa mwezi. Mama alikuwa na dola 1,100. Kipato cha Baba, kikiondolewa dola 75 ambazo mkazi wa kituo huachiwa kwa mahitaji yake binafsi, kilibaki dola 1,775, na hata zote zikipelekwa kwa Mama alifika dola 2,875 tu. Alipungukiwa dola 1,073 kila mwezi. Sheria inasema kwamba pale kipato cha wote wawili kisipotosha kufikia kiwango hicho, mwenzi aliyebaki anaweza kuachiwa akiba zaidi ya ile nusu, kiasi ambacho riba yake ingeziba pengo. Wakili alituonyesha kwa mstari mmoja: dola 118,000 zikipata riba ya asilimia 4 kwa mwaka huzaa dola 4,720, yaani kama dola 393 kwa mwezi, ambazo hazikaribii dola 1,073. Kwa hiyo akiba yote ingeweza kubaki kwa Mama, na kipato cha Baba pia, bila amana, bila anuiti, na bila kumpa mtu yeyote senti. Masharti yaliyobaki yalikuwa ya kitabibu na ya kiutaratibu: Baba athibitishwe kuhitaji uangalizi wa wauguzi, akae kwenye matunzo siku 30 mfululizo, na kitanda chake kiwe kimeidhinishwa na Medicaid.

Hapo ndipo fedha zetu zilipofanya kazi. Wakili huyu angeweza kutuuzia kifurushi kikubwa zaidi, nasi hatukuwa na elimu ya kumbishia, lakini alichagua njia ambayo haikumpa malipo ya ziada. Nilimuuliza kwa nini muuzaji wa hotelini hakuitaja njia hiyo, akajibu kwa kifupi kwamba haina kamisheni.

Kazi ya karatasi ilifanywa na msaidizi wake, na kwa haki kabisa sifa nyingi ni zake. Alidai taarifa za benki za miezi 60, zikiwemo za akaunti iliyokwisha kufungwa, akaweka alama kwenye kila muamala mkubwa usio na maelezo. Hapa familia za watu waliotoka Afrika Mashariki zinapaswa kusikiliza kwa makini. Baba alikuwa akituma fedha nyumbani Kenya karibu kila mwezi, mara karo ya mtoto wa mdogo wake, mara mchango wa mazishi, mara dawa za shangazi. Kwetu huo ni wajibu wa kawaida, lakini kwa sheria ya Medicaid kila fedha iliyotolewa bila kupokea kitu chenye thamani inayolingana ni zawadi, na zawadi huzaa adhabu. Wengi pia hujidanganya kwa kiwango cha kodi, wakidhani kwamba kwa kuwa mamlaka ya kodi ya Marekani iliruhusu mwaka 2025 kumpa mtu mmoja hadi dola 19,000 bila kuwasilisha fomu ya kodi ya zawadi, basi Medicaid nayo haitajali. Sheria hizi mbili hazihusiani hata kidogo.

Msaidizi hakuficha miamala hiyo, na alitukataza kabisa kuifumbia macho hata ile midogo. Sheria humpa mwombaji nafasi ya kuthibitisha kwamba alitoa fedha kwa sababu nyingine tu, si kwa lengo la kustahili Medicaid, na ushahidi wetu ulikuwa utaratibu wenyewe: viwango vilevile, kwa ndugu walewale, tangu miaka mingi kabla ya kiharusi, vikiambatana na risiti za karo na maelezo ya maandishi ya Mama. Maelezo hayo yalikubaliwa. Sidai kwamba kila familia itapata matokeo hayo, hasa ikiwa fedha zilizotumwa ziliongezeka ghafla baada ya ugonjwa.

Malalamiko yangu ya kwanza yanahusu fomu ya ofisi hiyo ya kukusanya taarifa. Ilikuwa na kurasa nyingi, ikiuliza hadi thamani ya kaburi lililonunuliwa mapema, lakini haikuuliza popote kuhusu mali iliyo nje ya Marekani. Ardhi iliyo ng'ambo ni mali kama mali nyingine, na mwombaji anatia saini chini ya kiapo kwamba ametaja zote. Ni dada yangu aliyeuliza kuhusu shamba la ukoo. Wakili alishtuka kidogo, kisha akalishughulikia vizuri: kwa kuwa hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu babu na mirathi haijafunguliwa, Baba hakuwa na uwezo wa kisheria wa kuuza sehemu yake, na tulipata barua ya wakili wa Kenya inayoeleza hivyo. Lakini ofisi inayohudumia jiji lililojaa wahamiaji haikupaswa kumsubiri mteja akumbuke.

Kuhusu nyumba, huduma ilikuwa ya kuridhisha. Nyumba haihesabiwi maadamu Mama anaishi humo. Hatari huja baadaye, kwa kuwa sheria ya mwaka 1993 inayalazimu majimbo kudai kutoka kwenye mirathi ya mpokeaji aliyekuwa na umri wa miaka 55 au zaidi gharama yalizomlipia, ingawa hayawezi kudai wakati mwenzi wake yu hai, au akiwa na mtoto wa chini ya miaka 21, kipofu au mlemavu. Texas hudai yale tu yanayopitia mahakama ya mirathi. Ofisi iliandaa hati ambayo Texas inajulikana kwa jina la Lady Bird, ambayo inawaachia wazazi mamlaka yote ya kuishi humo, kuuza au kubadili mawazo, na nyumba huhamia kwa watoto moja kwa moja pale mzazi wa mwisho anapofariki. Kwa kuwa wazazi hawakuachia chochote walipokuwa hai, haihesabiwi kuwa zawadi. Ni kurasa chache tu, na naona ndizo zenye faida kubwa kwa bei ndogo kuliko kitu chochote kwenye mpango mzima, tofauti kabisa na desturi ya kuandikisha nyumba kwa jina la mtoto, ambayo huzaa adhabu na kuiweka nyumba mikononi mwa wadai wa mtoto huyo, au mtalaka wake.

Jambo dogo lililonifurahisha ni kwamba wakili alisoma mkataba wa kituo kabla sijatia saini, akakata kipengele kilichonitaka niwe mdhamini wa deni la Baba. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inavikataza vituo vinavyopokea fedha za Medicaid au Medicare kumlazimisha mtu wa tatu awe mdhamini ili mgonjwa apokelewe. Mtoto hutia saini kama mwakilishi wa fedha za mzazi, basi.

Sasa bei. Mashauriano ya kwanza yalikuwa dola 400, ambazo ziliingizwa kwenye ada ya jumla ya dola 5,500. Ada hiyo ilijumuisha hesabu, maombi kwa fomu H1200, hati ya uwakili (ya kumruhusu mtu kuwafanyia maamuzi) kwa wazazi wote wawili na hati ya nyumba. Siioni kuwa ghali ikilinganishwa na dola 57,000 zilizokuwa hatarini, ingawa kwa familia isiyo na akiba ni fedha nyingi mno. Kinachonikera ni wosia mpya wa Mama, uliotozwa dola 900 za ziada na kuwekwa kwenye orodha ya huduma za hiari. Baada ya maombi kukubaliwa, akiba yote huhamishiwa jina la Mama. Endapo Mama atafariki kwanza huku wosia wake wa zamani ukimwachia Baba kila kitu, Baba atavuka dola 2,000 na kupoteza msaada. Mpango bila wosia huo una tundu, na dawa yake, yaani amana inayoundwa ndani ya wosia kwa ajili ya mwenzi, ilifahamika ofisini tangu siku ya kwanza. Vivyo hivyo kwa majina ya warithi kwenye bima ya maisha na akaunti, ambayo tulikumbushwa kwa barua pepe ya mstari mmoja. Jambo la lazima halipaswi kuuzwa kama pambo.

Mawasiliano nayo yalififia. Kabla ya malipo wakili alipatikana kwa simu. Baada ya malipo ilibidi kumwandikia msaidizi, ambaye alijibu vizuri lakini kwa kuchelewa. Wakati bili ya kituo inasubiri, kuchelewa huko kunaumiza.

Baadhi ya ndugu walituuliza kama haya yote si ujanja wa kuila serikali. Bunge lenyewe limewahi kuhangaika na swali hilo: mwaka 1996 lilifanya kutoa mali ili kustahili Medicaid kuwa kosa la jinai katika mazingira fulani, mwaka 1997 likaihamishia jinai hiyo kwa washauri wanaolipwa, na mwaka 1998 mwanasheria mkuu wa serikali, Janet Reno, akatamka kwamba hataitekeleza, kwa kuwa kumshauri mtu juu ya jambo halali hakuwezi kuwa uhalifu. Kwangu mimi, ulinzi wa Mama ni kifungu cha sheria kilichopitishwa kwa ajili ya watu kama yeye, na sisi tulikitumia bila kuficha hata shilingi. Ningesita zaidi kuitetea mipango ya matajiri.

Anayefikiria huduma ya aina hii sasa asikawie, kwa sababu sheria ya shirikisho ya Julai 2025 imebana mambo kadhaa. Hadi sasa Medicaid imeweza kulipa gharama za hadi miezi 3 iliyotangulia maombi. Kuanzia Januari 2027 muda huo utakuwa miezi 2 kwa wazee walio katika mpango wa kawaida. Wenye ukaazi wa kudumu nao wakumbuke kwamba, tangu sheria nyingine ya mwaka 1996, wengi wao hawastahili kabla ya kutimiza miaka 5 ya ukaazi huo, na ni afadhali ofisi iulize hali ya uhamiaji kabla ya kupokea hundi, kama yetu ilivyofanya.

Nawapa alama 8 kwa 10 kwa sheria, 5 kwa bei. Ningewapendekeza kwa wanandoa ambao mmoja wao anabaki nyumbani, maana hapo ndipo ustadi wao ulipoonekana. Kwa mjane au mzazi asiye na mwenzi hesabu ni tofauti kabisa, kwa sababu ulinzi wa mwenzi haupo. Mtu huyo hutegemea njia finyu zaidi: mtoto aliyeishi na kumhudumia nyumbani kwa miaka 2 mfululizo kabla hajahamia kituoni, ambaye anaweza kupewa nyumba bila adhabu, mkataba wa maandishi wa kumlipa ndugu anayemtunza, uliotiwa saini kabla ya huduma kutolewa, kulipia mazishi mapema, au kama kipato chake kinazidi kikomo (dola 2,901 mwaka 2025), amana maalumu ya kupitishia kipato hicho. Mzazi wa namna hiyo, kabla hajalipa ada, aombe kuonyeshwa hesabu ya hali yake mwenyewe kwa maandishi, na akipewa kijitabu cha jumla badala ya hesabu, atafute ofisi nyingine.